Dona ya Shangazi Haimfai Kibua

Nyumbani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, wanaishi wagonjwa wawili wa kisukari, na mmoja wao ana mkia. Huyo wa mkia ni Kibua, paka dume wa rangi ya majivu aliyehasiwa zamani, mnene, wa umri ambao paka huanza kuchagua pa kulala badala ya pa kuwinda. Jina alilipata kwa sababu aliingia uani akifuata kapu la samaki aina ya vibua kutoka soko la samaki la Deep Sea, na hakutoka tena.

Shangazi ana kisukari cha ukubwani, na sijaona mgonjwa mtiifu kama yeye. Kliniki hakosi. Sembe aliiacha, anakula dona. Wali wa nazi ni wa sikukuu, na hata hapo anajipakulia kwenye kisahani cha chai. Mchicha hauishi jikoni. Kwa hiyo daktari wa mifugo alipotamka kwamba paka naye ana kisukari, shangazi hakuona haja ya kuuliza ale nini. "Tutakula sawa," alisema. Jioni ile Kibua akapakuliwa sima ya dona iliyovurugwa na mchuzi wa samaki na mchicha. Akalamba mchuzi wote, sima akaizunguka. Shangazi akasema anadeka.

Mimi nilidhani hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kusoma na kumbughudhi dokta kwa maswali. Kwa binadamu mwenye kisukari, dona ni afadhali kuliko sembe, na hilo halina ubishi. Kwa paka, dona na sembe ni ndugu wa tumbo moja: vyote ni wanga, na mwili wake haukuumbwa kwa wanga.

Sisi mate yetu yana kimeng'enya cha amilasi, kinachoanza kuvunja wanga tungali tunatafuna. Mate ya paka hayana, na kongosho na utumbo wake hutoa kidogo. Ini letu lina kimeng'enya kingine, glukokinasi, ambacho huamka pale sukari inapomiminika baada ya sahani kubwa, kikaikamata na kuisaidia iwekwe akiba. Kwa paka hicho ni hafifu mno. Alichopewa yeye ni ini linalotengeneza sukari lenyewe kutokana na protini ya nyama na samaki, mchana na usiku, ale asile. Ini la paka ni kama mama lishe wa stendi asiyefunga banda: wateja wawepo wasiwepo, moto unawaka. Ndiyo maana paka anaweza kumaliza umri wake bila kugusa punje ya mahindi na sukari ya damu ikabaki inapotakiwa, kati ya 4 na 8 hivi kwa hesabu ya mashine zetu za kupimia sukari (milimoli kwa lita). Panya ana wanga gani? Ule alioiba ghalani, ulio tumboni mwake, basi.

Wala utamu haujui. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni ya paka inayohusika na kuonja sukari, Tas1r2, imeharibika, na wakaikuta imeharibika vilevile kwa chui milia na duma. Kwa hiyo paka anayeng'ang'ania kaimati, shira haimhusu. Huenda anafuata mafuta. Nilipomweleza shangazi hili alisikitika kuliko aliposikia habari ya ugonjwa wenyewe.

Kisukari cha Kibua chenyewe kinafanana na cha shangazi zaidi ya nilivyodhani. Insulini kwanza ipo, ila mwili hauisikii vizuri, hasa mwili wenye mafuta mengi. Kongosho linaongeza juhudi, linachoka, na ndani yake hujikusanya takataka ya protini iitwayo amiloidi. Kisha sukari yenyewe, ikikaa juu muda mrefu, inalemaza seli zinazotengeneza insulini, hivyo ugonjwa unajilisha. Paka mnene yuko kwenye hatari ya takriban mara nne ya mwenzake mwembamba. Ongeza udume, kuhasiwa, uzee na kukaa ndani bila kazi, na hapo umemchora Kibua mwenyewe. Sindano za dawa za jamii ya steroidi, ambazo paka hupewa kwa mzio na ngozi, nazo zinaweza kuuibua.

Dalili zilikuwa wazi, ila zilikuja polepole. Paka anayekula samaki wabichi na mchuzi kwa kawaida haonekani sana kwenye maji. Huyu akawa analala kando ya ndoo. Anakula kama amefungwa jela, huku uti wa mgongo unajitokeza. Halafu mwendo: badala ya kukanyagia vidole, miguu ya nyuma ikawa inakanyaga hadi kisiginoni, kama mtu aliyevaa ndala kubwa. Ni mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari. Na sisimizi wakawa wanajipanga kwenye mchanga wa uani pale anapokojoa. Shangazi ndiye aliyeliona hilo la sisimizi, maana wazee walikuwa wakilijua kwa binadamu. Kuna tofauti moja tu: figo za binadamu huanza kuvujisha sukari kwenye mkojo ikifika karibu 10, za paka husubiri mpaka 14 au 16. Sisimizi wakija kwa paka, mambo yameshapita mbali.

Kumpima nako kuna mtego. Tulimpeleka kwa bodaboda ndani ya tenga lililofungwa kanga, akilia njia nzima kutoka Ngamiani. Paka aliyeogopa, sukari yake inaweza kuruka hata kupita 16 bila ugonjwa wowote. Dokta kwa hiyo hakuridhika na tone moja la damu. Alipima mkojo, akaagiza na kipimo cha fruktosamini, ambacho kwa paka kinaonyesha sukari ilivyokuwa wiki moja au mbili zilizopita. Shangazi, mwenye kipimo chake cha kliniki kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, alilielewa hili haraka kuliko mimi.

Sasa chakula. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ambao nadhani kila anayemfuga paka wa namna hii angepaswa kuusikia. Paka 63 wenye kisukari walilishwa vyakula vya kopo vya aina mbili kwa wiki 16: kundi moja wanga mdogo na nyuzinyuzi kidogo, jingine wanga wa wastani na nyuzinyuzi nyingi. Nyuzinyuzi ndizo hizo tunazosifiwa kwenye dona, maharage na mboga za majani. Mwishoni, kwenye kundi la wanga mdogo asilimia 68 hawakuhitaji tena insulini; kwenye kundi la nyuzinyuzi nyingi walikuwa asilimia 41. Makundi yote mawili yalisaidika, sitaki kuficha hilo. Lakini ushauri wa kliniki ya binadamu, ukihamishiwa kwa paka kama ulivyo, unamwacha nyuma.

Madaktari wa paka wengi wanalenga wanga usiozidi asilimia 12 hivi ya nishati ya mlo, na protini angalau asilimia 40. Tatizo ni kwamba mfuko wa chakula kikavu cha paka hauandiki wanga. Unaandika protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu (yaani madini) na unyevu, basi. Wanga unautafuta mwenyewe kwa kutoa. Tuseme mfuko unasema protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, majivu 7, unyevu 10. Jumla 65, kilichobaki mpaka 100 ni 35, na hicho ndicho wanga. Ukibadili kuwa nishati, ambapo gramu ya protini au ya wanga huhesabiwa kalori 3.5 na ya mafuta 8.5, unakuta wanga unabeba asilimia 36 ya mlo. Mara tatu ya kinachotakiwa. Sasa chukua kopo lenye protini 10, mafuta 5, nyuzinyuzi nusu, majivu 2 na unyevu 80. Wanga ni 2.5 tu, na kwa nishati ni kama asilimia 10. Mtu akitazama namba za juu juu atadhani kopo lina protini kidogo kuliko mfuko, kumbe ni maji yanayomdanganya.

Na zile punje kavu haziwezi kukosa wanga, hata mtengenezaji awe na nia njema. Zinapikwa kwa mashine inayosukuma unga kwa joto na shinikizo, na wanga ndio unaozifanya zifure na kushikamana. Punje za wanga mdogo zipo, ila ni chache na bei yake ni ya watu wengine.

Kuna jambo jingine la bakuli la punje linaloachwa wazi kutwa. Paka akila mlo wenye wanga mwingi, sukari yake inaweza kubaki juu kwa saa 12 na zaidi, tofauti na sisi ambao baada ya saa mbili tatu imeanza kushuka. Akidonoa kila baada ya muda, sukari haipati hata nafasi ya kutua. Kudonoa kwenyewe hakuna ubaya. Paka porini hula vimlo vidogo vingi. Ubaya ni kinachodonolewa.

Makopo kwetu yalikuja kwa basi kutoka Dar, na bei yake ilimfanya shangazi ainue mgongo kwenye kiti. "Mwanangu, hii si bei ya kitoweo cha watu?" Akawa ana haki. Tukarudi kwa dokta kuuliza kuhusu samaki, maana Tanga mtu kukosa samaki wa paka ni aibu. Jibu lilikuwa ndiyo, na lilikuwa na masharti mengi kuliko nilivyotarajia.

Samaki na kuku hawana wanga wa kuhesabu, hilo ndilo jema lao. Ila mchuzi wetu una kitunguu maji na thomu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Hata kidogo kidogo cha kila siku si salama. Dagaa wa chumvi, vivyo hivyo wasahau. Samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka aliyelishwa hao tu anaweza kufikia kupepesuka na kupata degedege, kwa hiyo chemsha. Jodari na samaki wengine wa mafuta mengi wakiwa ndio chakula cha kila siku huleta upungufu wa vitamini E na uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya mwili. Mnofu peke yake, wa samaki au wa kuku, hauna kalsiamu ya kutosha. Mfupa uliopikwa unachoma utumbo. Maini yakiwa kidogo ni mazuri, yakizidi yanajaza vitamini A. Na taurini, ambayo paka hawezi kujitengenezea vya kutosha na bila hiyo hupata upofu na ugonjwa wa moyo, imo kwa wingi kwenye mioyo ya kuku, ila ukichemsha inahamia kwenye maji. Basi mpe na supu yake.

Tulichoishia nacho ni mchanganyiko: kopo kama msingi, kwa sababu limekamilika, na changu au kuku aliyechemshwa bila chumvi kama nyongeza. Sima hapana. Wali hapana. Maziwa hapana, na hilo lilikuwa gumu kwa mji unaojivunia maziwa kama wetu, lakini maziwa yana sukari yake ya laktosi, na paka wengi wazima hata kuyameng'enya hawawezi. Ningemshauri yeyote asijaribu kupika chakula cha paka mgonjwa kwa kubahatisha mwezi baada ya mwezi. Kama kopo haliwezekani kabisa, mwambie dokta hivyo, akupangie na virutubisho vya kuongeza. Na paka mzee apimwe figo kwanza, kwa sababu mwenye figo mbovu huenda akahitaji mpango mwingine wa protini.

Sehemu inayoniogopesha kuliko zote ni hii. Kibua alikuwa anachomwa insulini, glajini ileile ya binadamu, uniti moja asubuhi na moja jioni. Ukiondoa wanga kwenye sahani huku dozi iko palepale, sukari inaweza kuporomoka ndani ya siku chache. Chakula kwa paka huyu kina nguvu ya dawa, na anayebadili chakula amebadili dozi bila kujua. Dokta alitaka ajulishwe kabla ya badiliko, tuchanganye chakula kipya na cha zamani kwa zaidi ya wiki moja, na tupime kila siku. Dalili za sukari kushuka ni kulegea, kupepesuka, kutetemeka, macho ya mshangao, kisha degedege. Hapo unapaka asali au glukosi kwenye ufizi, bila kumimina kooni maana anaweza kupaliwa, unampigia daktari, na sindano inayofuata inasimama mpaka aseme yeye.

Nikiwa hapo hapo: bomba la sindano liendane na chupa. Insulini ya binadamu nyingi ni ya uniti 100 kwa mililita, zipo za mifugo za uniti 40. Bomba la moja kwenye chupa ya nyingine linakupa dozi ambayo hukuikusudia.

Tunampimia nyumbani, pembezoni mwa sikio, kwa mashine ya shangazi mwenyewe. Sikio linapashwa moto kwanza kwa kitambaa cha vuguvugu, linachomwa ukingoni, tone linatoka. Mashine za binadamu husoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo, na dokta analijua hilo anapozitazama namba zetu. Faida yake ni kwamba tone la nyumbani halina hofu ya bodaboda ndani yake. Vijiti vya kupimia ndivyo vinavyokula pesa. Shangazi na Kibua wanagawana kopo moja la vijiti, na daftari ni moja: kushoto yeye, kulia paka. Kuna asubuhi paka alikuwa na namba nzuri kuliko mwenye nyumba, na siku hiyo hakuna aliyesemeshwa mpaka saa nne.

Kukonda nako kuna kanuni. Binadamu mnene anaweza kuambiwa afunge, aruke mlo. Paka hapana, na paka mnene ndiyo hapana kabisa: akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini kwa wingi, likajaa, na ugonjwa huo unaua. Kwa hiyo ukimwekea chakula kipya akagoma, usishindane naye kwa njaa. Kupunguza uzito kunaenda kwa asilimia nusu hadi mbili kwa wiki. Paka wa kilo 6, hiyo ni gramu 30 hadi 120. Sisi tulimpima kwenye mizani ya muuza samaki, ambaye alicheka wiki ya kwanza na wiki zilizofuata akawa anaiuliza namba kabla yetu.

Namba zilianza kushuka. Dozi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, na hatimaye dokta akasema tuisimamishe tuone. Kuna utafiti wa mwaka 2009 wa paka waliotumia glajini, chakula cha wanga mdogo sana na vipimo vya nyumbani: waliowahi ndani ya miezi sita ya kugunduliwa, asilimia 84 waliacha insulini, waliochelewa kupita hapo, asilimia 35. Sababu ni zile seli za kongosho nilizozitaja. Ukiwahi kuishusha sukari, baadhi huamka. Ukichelewa, zimeshakufa. Madaktari hawakuiti huku kupona. Paka huyo akirudishiwa wanga, au akipewa steroidi, au akinenepa tena, ugonjwa unaweza kurudi, na mara ya pili ni vigumu zaidi kuuondoa.

Kwa hiyo anayetupa kazi sasa si Kibua, ni majirani. Paka wa uswahilini hana bwana mmoja. Ana sahani nyumba nne, na watoto wa mtaa mzima wanamjua kwa jina. Mwaka mzima tunavumilia. Ramadhani ndiyo mtihani, kwa sababu futari ya Tanga ni wanga mtupu: mihogo ya nazi, viazi vitamu, magimbi, tambi, na uji juu yake. Ikishapigwa adhana ya magharibi kila mlango una sahani ya mabaki, na kumlisha paka ni thawabu, nani atamkataza mtu thawabu? Shangazi alikaa nalo siku kadhaa. Mwishowe, mwezi mtukufu uliopita, alichemsha vibua kila alasiri, akawafungia kwenye vifuko vidogo na kumtuma mjukuu avigawe nyumba zile nne kabla ya futari, na maneno haya: anayetaka kumlisha amlishe, ila amlishe hiki. Jirani wa mlango wa pili alirudisha cha kwake siku ya tatu akidai kibua bila chumvi ni kumdhulumu mnyama. Tangu hapo Kibua akisikia adhana tunamfungia chumbani, na kile kibua kilichorudishwa anakula yeye huko huko ndani.